Roboti za kununua na kuuza hisa: soko likianguka, anashikwa nani?

#1 Kijana wa Mabibo

Habari zenu wakuu. Naenda moja kwa moja.

Mama yangu yuko kwenye kikoba cha kina mama thelathini. Wiki iliyopita kaja kijana mmoja kavaa vizuri, kompyuta mpakato mkononi, kawaambia ana roboti inayonunua na kuuza hisa za Marekani usiku wakati wao wamelala. Anaomba wampe sehemu ya mfuko kabla ya kuvunja mwaka.

Mama kanipigia mimi kwa sababu naandika programu za stoo na maduka, kwa hiyo kwake mimi ni mtu wa roboti. Nikamwambia roboti hizo kweli zipo, na huko New York sehemu kubwa ya biashara zinafanya zenyewe. Kisha nikaanza kumsimulia siku ya tarehe 6 Mei 2010, faharisi ya Dow, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilivyodondoka karibu pointi 1,000 kisha ikarudi sehemu kubwa, yote ndani ya kama nusu saa. Hisa za kampuni ya Accenture zilizokuwa zinauzwa kama dola 40 zikanunuliwa kwa senti moja. Huku kwetu ilikuwa saa tatu na nusu usiku, watu wanakula.

Mama akanikatisha: "Sasa siku hiyo alishikwa nani?"

Nikajing'atang'ata. Mnaojua, ilikuwa kosa la nani?

#2 Binti Pangani

Nimetandika mkeka, kahawa na kashata zipo. Wajuzi njooni.

#3 Fundi Seva

Mbona hili lina jibu. Ripoti ya SEC na CFTC, wasimamizi wa masoko ya Marekani, ilitoka tarehe 30 Septemba 2010. Kampuni moja ya mifuko ya uwekezaji, ambayo magazeti yaliitaja kuwa Waddell & Reed, ilitaka kuuza mikataba 75,000 ya E-Mini, yenye thamani ya dola bilioni 4.1. Hii ni mikataba ya baadaye (bei mnakubaliana leo, mnamalizana siku ya mbele) inayofuata kipimo kingine cha hisa, faharisi ya S&P 500. Saa nane na dakika 32 mchana kwa saa za New York wakaikabidhi kazi programu.

Programu ilipewa agizo moja tu: kila dakika angalia yameuzwa kiasi gani dakika iliyopita, nawe uza asilimia 9 ya hapo. Haikuambiwa itazame bei. Haikuambiwa itazame saa. Mzigo wa ukubwa huo siku nyingine uliwahi kuchukua zaidi ya saa tano kuuzwa. Siku hiyo uliisha kwa kama dakika 20.

Aliyeandika agizo hilo ndiye wa kushikwa. Tufunge uzi.

#4 Kibopa wa Soko

@Fundi Seva taratibu. Soko lenyewe la Chicago, CME, ambako E-Mini zinauzwa, lilijibu ripoti hiyo siku iliyofuata. Siku hiyo E-Mini zilizobadilisha mikono zilikuwa kama milioni 5.7. Elfu 75 ndani ya hizo ni asilimia 1.3. Mtu akimwaga ndoo moja ziwani, unamlaumu kwa mafuriko?

Halafu asubuhi ile watu walishajaa hofu ya madeni ya Ugiriki. Dow ilikuwa chini tayari kabla programu hiyo haijaguswa.

#5 Fundi Seva

Ndoo moja, lakini imemwagwa wakati ziwa limeshajaa mpaka ukingoni. Isitoshe hujasoma kilichofuata. Asilimia 9 ni ya mauzo ya dakika iliyopita, sawa? Sasa roboti nyingine zikianza kuuziana zenyewe kwa zenyewe, mauzo yanapanda. Programu inaona soko limechangamka, inaongeza kuuza. Ikiongeza, zile nyingine zinazidi kuuziana. Hapo ndipo pabaya.

#6 Mke wa Mhasibu

Kwa hiyo ni kama mtu anayekula kwa kuangalia sahani ya jirani, na jirani naye anaangalia ya kwake. Wote watavimbiwa.

#7 Kibopa wa Soko

@Mke wa Mhasibu umenichekesha, lakini ndiyo hivyo.

Ila basi kosa ni la hizo za jirani, yaani roboti za kasi. Ripoti ileile anayoipenda Fundi inasema kwamba kati ya 14:45:13 na 14:45:27, sekunde 14 tu, roboti za kasi zilibadilishana mikataba zaidi ya 27,000. Ilikuwa karibu nusu ya biashara yote ya sekunde hizo. Jumla ya walichobaki nacho mkononi baada ya purukushani hiyo ni kama mikataba 200. Walikuwa wanarushiana kaa la moto. Hakuna aliyetaka kulishika, na kila anayelirusha analirusha kwa bei ya chini zaidi.

Mnunuzi wa kweli hakuwepo. Yeyote aliyetazama skrini aliona sokoni kuna pilika, kumbe ni wachuuzi wanauziana fungu lilelile la nyanya.

#8 Dalali Mstaafu

Wanangu, mimi ni mtu wa Nairobi, kazi hii nimeifanya kabla haijaingia mashine. Tulikuwa pale Nation Centre, Barabara ya Kimathi, tukipaza sauti na bei zinaandikwa ubaoni. Septemba 2006 wakaleta mtambo, kila mtu akaketi mbele ya kompyuta. Siku za kwanza nilikuwa natamka bei kwa sauti peke yangu, mwenzangu ananigusa bega: "Mzee, inabonyezwa."

Msidhani binadamu ni mtulivu. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Watu walikopa, wengine wakauza ng'ombe. Mwaka mmoja haujatimia bei iko chini ya 3. Hakukuwa na roboti hata moja. Wateja walinijia ofisini na machozi wakiniuliza mimi kama huyo mama alivyouliza: nani ashikwe?

Tofauti ni moja. Anguko letu lilichukua miezi. Mtu aliweza kulala, akaamka, akafikiri.

#9 Kijana wa Mabibo

Shikamoo mzee. Hiyo ya kupaza sauti mbele ya kompyuta nimeipenda.

#10 Dalali Mstaafu

Marahaba. Cheka tu, yatakukuta.

#11 Bwana Mkubwa Ilala

Mnazunguka bure. Mhusika alikamatwa! Navinder Singh Sarao, kijana wa Hounslow karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, alikuwa anafanya biashara chumbani kwake, nyumbani kwa wazazi. Walimkamata Aprili 2015. Yeye ndiye aliyeangusha soko la Marekani akiwa na kandambili. Mleta mada mjibu mama.

#12 Wakili Pori

Rekebisho dogo @Bwana Mkubwa Ilala. Sarao alikiri makosa mawili Novemba 2016: udanganyifu kwa njia ya mtandao, na kuweka oda za geresha. Hakukiri kuangusha soko, na hilo si kosa lililomo kwenye hati.

Oda za geresha ni hivi. Unaweka oda kubwa za kuuza juu kidogo ya bei iliyopo. Wengine wanaona ukuta wa wauzaji, wanaogopa, bei inashuka. Ikikaribia kukufikia, programu yako inazisogeza au inazifuta. Hukuwa na nia ya kuuza. Unatisha tu, huku pembeni unafaidika na bei iliyoshuka.

Siku ile aliiendesha kwa saa zaidi ya mbili, kisha akaizima dakika chache kabla ya lile poromoko lenyewe. Wamarekani walihesabu kwamba siku hiyo alipata kama dola 879,000. Januari 2020 hakimu wa Chicago akampa kifungo cha nyumbani mwaka mmoja, baada ya miezi minne aliyokwishakaa gerezani Uingereza.

#13 Bwana Mkubwa Ilala

Kwa hiyo aliwasha moto, akatoka, nyumba ikaungua dakika tatu baadaye, na wewe unamtetea?

#14 Wakili Pori

Simtetei. Nasema nyumba hiyo ilikuwa na watu wengi wenye viberiti. Na serikali iliandika ripoti nzima mwaka 2010 bila kumtaja, halafu miaka mitano baadaye ndiyo wanamkumbuka. Hata kama si wakili utajiuliza.

#15 Mtu wa Waya

Mmesahau mabomba, yaani njia zinazopitisha data. Mimi ni mtu wa mitandao. Kampuni ya data ya Nanex ilipitia rekodi za siku hiyo ikasema bei kutoka NYSE, soko la hisa la New York, zilikuwa zinachelewa kuingia kwenye mfumo wa pamoja wa bei, na muhuri wake wa saa unaonyesha ni mpya. Roboti inaona bei ya sasa, kumbe ya zamani. Inanunua hapa ikidhani itauza pale, inakuta pale hapapo. Programu nyingi zikiona data haieleweki zinajitoa sokoni, na ndivyo zilivyofundishwa. Zikijitoa zote kwa mpigo, kinachobaki ni zile bei za kujaza nafasi, senti moja ya kununua na dola laki moja ya kuuza, ambazo watengeneza soko, yaani kampuni zenye kazi ya kutoa bei ya kununua na ya kuuza, waliziweka kwa sababu sheria iliwataka wawe na bei wakati wote. Hiyo ndiyo Accenture kwa senti moja. Roboti haikukosea hesabu. Ilimkuta mnunuzi pekee aliyebaki.

Baadaye bei hizo za kujaza nafasi zikapigwa marufuku, na biashara zaidi ya 20,000 za siku hiyo zikafutwa.

#16 Binti Pangani

Zikafutwa vipi? Mimi nimenunua Accenture kwa senti moja, halali yangu, halafu unaniambia imefutwa?

#17 Mtu wa Waya

Ndiyo. Ilihusu zile zilizofanyika kwa bei iliyotofautiana na ya kabla ya poromoko kwa asilimia 60 au zaidi. Aliyenunua kwa punguzo la asilimia 55 alibaki nacho, wa 65 akanyang'anywa.

#18 Binti Pangani

Wazungu nao wana kikao cha ukoo kumbe.

#19 Fundi Seva

Na kilichozuia anguko ni nini? Watu hawasemi. Saa nane, dakika 45 na sekunde 28, mtambo wa CME ulisimamisha E-Mini kwa sekunde tano. Tano tu. Ulipofunguliwa bei ikatulia, kisha ikaanza kupanda.

#20 Dalali Mstaafu

Sekunde tano mimi nilikuwa bado natafuta kalamu.

#21 Mlinzi wa Zamu

Nimesoma kimya mpaka hapa ila hii lazima niseme. Mnajadili 2010 wakati mfano mzuri zaidi ni Knight Capital, tarehe 1 Agosti 2012. Naujua kwa sababu kazi yangu ni kuweka programu mpya kwenye seva.

Knight walikuwa na seva nane za kupeleka oda sokoni. Waliandaa programu mpya kwa ajili ya huduma mpya ya NYSE. Fundi akaiweka kwenye seva saba. Ya nane akaisahau, na hakuna mtu wa pili aliyekagua. Kwenye ile ya nane kulikuwa na kipande cha zamani kiitwacho Power Peg, ambacho hakijatumika tangu 2003 lakini hakikufutwa. Programu mpya ilitumia swichi ileile iliyokuwa ya Power Peg. Soko likafunguliwa asubuhi, swichi ikawashwa, seva saba zikafanya kazi mpya, ya nane ikamfufua marehemu. Marehemu kazi yake ilikuwa kutuma oda ndogondogo mpaka aambiwe zimetosha. Sehemu ya kumwambia "zimetosha" ilishahamishwa kwingine.

Oda 212 za wateja zikazaa biashara zaidi ya milioni 4 kwenye hisa za kampuni 154. Dakika 45. Hasara dola milioni 440.

Sasa sikilizeni yanayonihusu. Nilikuwa kwenye kampuni moja, siitaji, tuna seva sita zinazotuma ujumbe wa simu kwa wateja. Usiku wa manane nikaweka toleo jipya kwenye tano, mtoto akalia, nikaenda kumbeba, nikarudi nikaandika kwenye kundi "tayari". Asubuhi theluthi ya wateja wamepokea ujumbe wa deni walilolipa mwaka juzi. Mmoja alikuwa amefariki, ujumbe umesomwa na mjane. Nilimpigia mwenyewe kuomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilidhani kuna deni lingine alinificha." Mpaka leo nikimaliza kazi nahesabu seva kwa kidole, moja, mbili, tatu, kama mtoto wa chekechea.

Kwa hiyo mkisema roboti imekosea mimi huwa natafuta seva ya nane.

#22 Mke wa Mhasibu

Pole sana kaka. Hiyo ya mjane imenigusa.

#23 Wakili Pori

@Mlinzi wa Zamu umeeleza vizuri. Nyongeza tu: 440 ndiyo tarakimu ambayo kampuni ilitangaza mwanzoni. Amri ya SEC ya Oktoba 2013 inasema hasara ilizidi milioni 460, na wakatozwa faini ya milioni 12. Humo mna kitu kinachoumiza zaidi: kabla soko halijafunguliwa mfumo wao wenyewe ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja kosa la Power Peg. Hakuna aliyezishughulikia.

Na wakati wa kuhangaika waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba nzima, wakidhani ndiyo mbovu. Marehemu wakawa wanane.

#24 Mlinzi wa Zamu

Barua 97. Mimi kikasha changu kina tahadhari elfu kadhaa ambazo sijafungua. Acha nikazisome.

#25 Profesa Bila Cheti

Nyote mnadhani roboti ni lazima iwe na akili ndiyo ifanye biashara. Mwaka 1993 Gode na Sunder walitengeneza wafanyabiashara wa kompyuta wasio na akili kabisa, wanataja bei kwa kubahatisha, sharti lao moja tu: usinunue kwa zaidi ya thamani uliyopewa, usiuze chini ya gharama yako. Wakawaweka kwenye mnada wa pande mbili, wanunuzi na wauzaji wote wanataja bei. Faida waliyoipata kwa ujumla ilikaribia asilimia 100 ya yote iliyowezekana, karibu sawa na binadamu.

Maana yake kanuni za soko zenyewe ndizo zinafanya kazi kubwa. Baadaye Dave Cliff akiwa HP kule Bristol akaonyesha kwamba wasio na akili hawatoshi kwenye masoko ya kila namna, akatengeneza wanaojifunza kidogo, wakaitwa ZIP. Mwaka 2001 watafiti wa IBM wakazishindanisha roboti za aina hiyo na binadamu kwenye mnada mmoja, roboti zikashinda.

Kwa hiyo mkitafuta mkosaji wa 2010, mimi namshika aliyeandika kanuni za mnada. Si muuza, si Sarao, si seva.

#26 Kibopa wa Soko

Profesa kila uzi lazima amlaumu mtu asiyekuwepo.

#27 Kijana wa Mabibo

Mpaka hapa washitakiwa nimehesabu sita: aliyeandika asilimia 9, roboti za kasi, Sarao, bei zilizochelewa, Ugiriki, na mwandishi wa kanuni. Mama hatanielewa.

Swali dogo: kwa nini hapa kwetu hatujasikia roboti zimeangusha soko?

#28 Dalali Mstaafu

Gharama. Nairobi ukinunua hisa, ada ya dalali na tozo nyingine zinafika karibu asilimia 2, ukiuza tena hivyohivyo. Roboti ya New York inatafuta senti moja kwa hisa, mara elfu kwa siku. Ukiileta hapa asubuhi, kufika mchana imeliwa yote na ada. Mwishoni mwa 2021 NSE, soko letu la hisa la Nairobi, walipunguza tozo kwa anayenunua na kuuza siku hiyohiyo, lakini bado.

Halafu kuna kikomo, hisa haipandi wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku.

#29 Binti Pangani

Na Dar roboti itasinzia. Kuna hisa za DSE, soko la hisa la Dar, unaweka oda ya kuuza, unakwenda Pangani arusi, unarudi, oda ipo palepale inakusalimia.

#30 Bwana Mkubwa Ilala

Arusi ya nani hiyo? Mbona hatukualikwa.

#31 Binti Pangani

Ya mdogo wangu. Biriani lilikwisha, usingepata.

#32 Msafiri wa Muscat

Nipo Oman kazini. Niliwahi kununua roboti ya fedha za kigeni mtandaoni, muuzaji simtaji. Grafu ya miaka mitano iliyopita inapanda kama ngazi. Nikaweka mshahara wa miezi miwili. Wiki tatu za mwanzo kila alfajiri nikiamka kuswali nafungua simu kwanza, nakuta faida, nasema alhamdulillah. Wiki ya nne nikakuta sifuri na ujumbe mwekundu.

Ndugu yangu mmoja anayejua hesabu akanionyesha kwamba ile roboti ikipoteza inaongeza dau mara mbili, ikipoteza tena mara mbili tena, mpaka irudishe. Kwa hiyo inashinda mara nyingi kidogokidogo na inashindwa mara moja yote. Na ile grafu ilitengenezwa kwa kuchagua mipangilio iliyofaa miaka ileile iliyopita. Ni sawa na mtihani ambao umeshaona majibu.

@Kijana wa Mabibo habari za Knight mama yako hazimhusu. Hii yangu ndiyo inamhusu.

#33 Mke wa Mhasibu

Muulizeni huyo kijana kitu kimoja: fedha zake mwenyewe zimo? Na kina mama wasidharauliwe. Kwenye kikoba wananunua hisa kila wiki, wanajua nani kakopa na lini analipa. Hisa zao wanazijua kuliko Kibopa anavyozijua zake.

#34 Kibopa wa Soko

Nimekosa nini tena mimi?

#35 Fundi Seva

Narudi kwenye mada. Bado nasema ni ile asilimia 9.

#36 Mtu wa Waya

Na mimi bado nasema mabomba.

#37 Kijana wa Mabibo

Mrejesho wakuu, asanteni. Kikao kilikuwa jana. Niliwachapia kina mama karatasi moja, kisa cha Msafiri na kile cha seva ya nane. Mweka hazina akauliza swali la @Mke wa Mhasibu vilevile, fedha zako zimo? Kijana akasema roboti "inahitaji mtaji wa kuanzia kwanza". Akauliza tena: ikipoteza, tukushike wewe au tuishike kompyuta? Akacheka. Hawakucheka. Wakampa chai na maandazi, wakamshukuru kwa kuja, mfuko haukuguswa.

Ila wakati wa kutoka mama watatu walichukua namba yake ya simu. Mmoja wao ni mama yangu.

#38 Binti Pangani

Hahahaa. Narudisha mkeka.